Nyumba ya Mlimani: Mnanunua Mandhari au Mnanunua Kwenu?

Kila ifikapo katikati ya Januari, Dar es Salaam hujaa watu wenye wazo moja. Wametoka kula Krismasi kwao au kwa wakwe, huko Rombo, Marangu, Machame na Kibosho. Ngozi zimepoa, matumbo yameshiba ndizi na nyama, na kwenye simu kuna picha ya mlima ulivyoonekana saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Halafu wakati wa chakula cha mchana unasikia mtu anamwambia mwenzake: "Na sisi tunatafuta kakiwanja kule juu. Kanyumba kadogo tu, vyumba viwili, na baraza inayotazama mlima."

Kanyumba hako ndiyo mada yetu ya mwezi huu. Sina nia ya kumkatisha mtu tamaa, mpenzi msomaji. Baraza yenye mandhari naipenda kama wewe. Lakini wapenzi wengi wanaogombana juu ya nyumba hawagombani juu ya rangi ya vigae. Wanagombana kwa sababu walianza kujenga kabla ya kuulizana ile nyumba ni ya nani. Na hakuna mahali swali hilo linauma kama mlimani, kwa sababu ardhi ya kule haikuwahi kuwa bidhaa ya dukani.

Tuchukue Mkuu, Rombo. Ukitoka Moshi unashika barabara ya Himo, unapanda Marangu, unapita Mwika, kisha unaanza kuuzunguka ubavu wa mashariki wa Kilimanjaro mpaka unafika Mkuu, makao makuu ya wilaya. Juu yako yupo Mawenzi, mita 5,149, na meno yake ya mwamba. Kibo, yule wa mita 5,895 mwenye barafu tunayemwona kwenye kalenda, kwa upande huu amesimama nyuma ya bega la mwenzake. Chini yako ardhi inateremka kupitia migomba, halafu mahindi, halafu pori kavu, hadi Ziwa Chala ambalo Tanzania na Kenya wanagawana. Siku ya anga safi macho yanafika nyanda za Tsavo. Wachagga wana hadithi kwamba Mawenzi alikuwa na tabia ya kwenda kwa Kibo kila mara kuomba moto, hadi siku moja Kibo akachoka na kumtwanga kwa mchi, ndiyo maana uso wake umechongoka hivyo. Hata milima ya kule ina ugomvi wa majirani.

Mandhari kwanza basi, maana ndiyo iliyowatoa nyumbani. Mlima si picha iliyotundikwa ukutani. Kuna siku nyingi unatoka alfajiri, unapendeza kwa saa mbili tatu, halafu mawingu yanafunga mpaka jioni. Masika, yaani Machi hadi Mei, mnaweza kukaa siku kadhaa msiuone kabisa. Na kwa Rombo kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii wanapochora ramani: mlima uko magharibi yenu. Jua linachomoza upande wa Kenya na kumpiga Mawenzi usoni, kwa hiyo picha yenu nzuri ni ya asubuhi. Jioni linazama nyuma ya mlima na kivuli kinawafikia mapema. Moshi mjini hali ni nyingine, maana pale mlima uko kaskazini. Fundi aliyezoea kujenga Mbezi hatawaambia haya. Dirisha la chumba cha kulala lielekee mlima, baraza ya jioni ielekee bondeni, na Juni na Julai muwe na mablanketi mazito. Kama mnajenga kwa ajili ya kile kilemba cheupe cha Kibo, jueni tu kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imeshaondoka.

Sasa tushuke kwenye udongo.

Shamba la nyumbani la Mchagga linaitwa kihamba. Juu kuna migomba, chini yake kahawa, katikati miti ya kivuli na mbao, pembeni zizi la ng'ombe anayeletewa majani, na sehemu nyingine mfongo, ule mfereji wa maji waliouchimba mababu na ambao watu wanautumia kwa zamu. Kahawa ya vihamba hivyo ndiyo iliyojenga chama cha wakulima cha mwaka 1925 na baadaye KNCU mwaka 1933, na ndiyo iliyosomesha baba na mama wa wengi wanaosoma gazeti hili. Mtoto wa kiume akioa, baba anamkatia kipande. Kwa desturi ya sehemu nyingi, yule wa mwisho kuzaliwa ndiye hubaki na nyumba ya wazazi. Miaka ikaenda, watoto wakaongezeka, ardhi ikabaki ileile, vipande vikawa vidogo, na watu wakateremka tambarare au wakaja mjini kupanga foleni na sisi.

Kwa hiyo mtu akikwambia "kuna kihamba kinauzwa Mkuu", swali la kwanza lisiwe bei. Uliza kwa nini kinauzwa. Mzee wa Kichagga hauzi kihamba kama anavyouza mbuzi. Anayeuza huenda ana deni la matibabu, au ada ya watoto, na hapo ndugu wote wanajua na wanakubali kwa shingo upande. Huyo mnaweza kuzungumza naye. Mwingine anauza kimyakimya kwa sababu ndugu zake wako Dar, Arusha na Nairobi na hawana habari. Huyo mkimbieni. Desemba watakuja wote. Watawakuta mnakunywa chai kwenye baraza iliyojengwa juu ya kihamba cha baba yao, na babu yao amelala hatua kumi na tano kutoka jikoni kwenu.

Ndiyo, makaburi. Wachagga huzikana nyumbani, kihambani, na kaburi haliandikwi kwenye tangazo la dalali. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, tembeeni kiwanja chote kwa miguu pamoja na mzee anayepafahamu. Ulizeni nani amelala wapi. Ulizeni pia masale yamepandwa wapi. Masale ni ule mmea wa majani marefu mabichi ambao watu wa mjini tunaudhani ni pambo la bustani. Kule ndio mpaka. Na jani lake ndilo mtu analompelekea aliyemkosea anapokwenda kuomba msamaha. Mkimleta kijana wa bustani kutoka mjini akayang'oa kwa kuwa "hayaendani na maua yetu", mtakuwa mmetangaza vita bila kujua. Kama kuna kaburi si lazima muache kununua. Andikeni kwenye mkataba kwamba eneo lile haliuzwi na njia ya kulifikia inabaki wazi. Kuna watu wameishi vizuri miaka mingi na makaburi ya wenzao, wakiyafyekea majani kila mwaka, na Krismasi wanapelekewa sahani ya nyama na ile familia.

Na yule dalali anayewapandisha juu kabisa, akisema "hapa jirani ni msitu tu, hakuna atakayewazibia mandhari"? Kati ya vijiji na msitu wa Kilimanjaro uliwekwa ukanda wa nusu maili mwaka 1941, ili wanavijiji wapate kuni na mbao bila kuugusa msitu wenyewe. Hifadhi ya Taifa ikaanzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu nao ukaingizwa ndani ya hifadhi. Mkifika huko juu msimwulize dalali mpaka uko wapi. Waulizeni watu wa hifadhi na idara ya ardhi ya wilaya, kwa maandishi.

Habari za karatasi zinachosha, lakini vumilia kidogo. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Tunachonunua ni haki ya kuitumia. Ukitoka katikati ya mji wa Mkuu hatua chache tu uko kijijini, na kijijini inatawala Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Kuhamisha haki hiyo kunahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Maana yake ni kikao, chenye wajumbe na muhtasari, siyo mwenyekiti na muhuri wake mkutane naye kwa mama ntilie. Mahakama zetu zimewahi kubatilisha mauziano ya ardhi ya kijiji kwa sababu halmashauri haikuidhinisha, hata kama pesa ilishalipwa na nyumba ilishasimama. Halmashauri ikiridhia, dai Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Wengi huishia kwenye mkataba wa mkono na mashahidi wawili, wakatulia. Mkataba huo unaonyesha mlilipana tu.

Kama mmoja wenu si raia, na Rombo ndoa na watu wa Taveta si jambo la kushangaza, yeye kwa kawaida hawezi kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Msijaribu kuzunguka hapo kwa kutumia jina la binamu.

Maji na mteremko nitavipitia haraka. Upande wa Rombo ni mkavu kuliko Machame na Kibosho, na mito ya kudumu ni michache. Bomba mnaloonyeshwa lina maji siku ngapi kwa wiki mwezi Februari? Mwulizeni mama jirani, siyo mwenye kuuza. Mteremko nao unakula saruji. Msingi unaingia chini zaidi upande mmoja, ukuta wa kuzuia udongo unahitajika, na mifereji ya mvua lazima iwepo kabla ya paa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mkae mita 60 kutoka mtoni, na hata kama korongo limekauka siku mliyokwenda, liheshimuni. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 Katesh. Hanang si Kilimanjaro, ila mlima ni mlima. Msikate miti yote ya juu ya nyumba ili mwone vizuri.

Haya, nimefika nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Wachukulie wenzi wawili wa kawaida kabisa. Mume ni mhasibu, kwao Rombo. Mke ni mwalimu, kwao Singida. Wana miaka mitano ya ndoa, watoto wawili, wamepanga Tabata. Wanaanza kuzungumza habari ya kununua kule juu. Baba mkwe anasikia, anacheka kwa upole: "Kununua kwa nini, mwanangu? Kihamba si kipo? Jengeni hapa." Na kweli kipo, na mandhari ni yaleyale. Mume anafurahi, ameokoa pesa ya kiwanja. Mke naye anafurahi, maana mkwe kukuonyesha mahali pa kujenga ni kukukubali. Anachukua mkopo kwenye SACCOS ya walimu, analipa mabati na madirisha. Mume analipa msingi, matofali na fundi. Desemba nne baadaye nyumba imesimama, nzuri, na kila anayepita barabarani anasema: "Ile ni ya kijana wa mzee fulani." Mke anatabasamu. Mkopo unakatwa kwenye mshahara wake bado.

Sasa nyumba hiyo ni ya nani?

Siyo ya mke, hilo tunalijua. Lakini siyo ya mume pia. Imesimama kwenye ardhi ya mzee ambaye hajamgawia mtu, na ana watoto wengine wanne. Wakiachana, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama kugawa mali waliyoichuma kwa pamoja. Na tangu kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango, hoja ya "alichangia nini?" imepungua makali. (Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na fungu siku ile, kwa kuwa mahakama iliona sehemu yake alishaipata na kuitumia. Alitushindia kanuni wenzake.) Ila mahakama haiwezi kuwagawia ardhi ya mzee ambaye si sehemu ya ndoa yenu. Mtabaki kubishana juu ya thamani ya matofali, na tofali lililokwisha kujengwa halibebeki kurudi nalo Singida.

Mume akitangulia, hali ni ngumu zaidi, na hapa sizungumzii familia mbaya. Nazungumzia familia nzuri yenye ardhi ndogo. Shemeji aliyekuwa akikuitia watoto maembe ana watoto wake pia, wanaokua, wanaohitaji pa kujenga. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, zinazotumika kwa makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, zinasema mjane atatunzwa na watoto wake. Hazimpi fungu lake mwenyewe. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliitaka Tanzania izibadilishe, baada ya wajane wawili kulalamika. Ukitegemea mila itakulinda, kwanza ujue inasema nini.

Nisieleweke vibaya. Mzee aliposema "jengeni hapa" alikuwa anatoa kitu kikubwa alichonacho. Wapo wanawake wengi kutoka Singida, Tanga na Mbeya wanaoishi kwenye vihamba vya wakwe zao kwa amani, wamezeeka pale, na hakuna anayewauliza wametoka wapi. Ninachosema ni kwamba huo ni uhusiano, haujawa umiliki, na watu wawili wanaotia mishahara yao lazima wajue wameshika kipi.

Kwa maoni yangu, kama pesa inatoka mifukoni miwili, nunueni. Hata kiwe kidogo, hata kiwe mbali kidogo na barabara, hata Mawenzi aonekane nusu. Majina yote mawili kwenye mkataba, kwenye muhtasari wa kijiji na kwenye hati. Kama mnataka kujenga kihambani kwa baba, basi baba agawe kwanza, mbele ya watoto wake wote na mbele ya halmashauri ya kijiji, na kipande hicho kiandikwe. Mzee hataki kuandika? Ni haki yake. Jengeni basi nyumba ambayo mnaweza kuihesabu kuwa zawadi kwa wazazi, yenye gharama ya zawadi. Mkopo wa miaka sita si zawadi.

Majina mawili nayo yana namna mbili, na makarani wengi hawaelezi. Mnaweza kumiliki kwa pamoja, ambapo mmoja akifariki haki yote inabaki kwa aliye hai. Au mnaweza kumiliki kwa hisa, ambapo fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake. Kwa wenzi wa mara ya kwanza wenye watoto wao, mimi ningechagua ya kwanza bila kusita. Kama kila mmoja ana watoto wa nje ya ndoa hii, ya pili inaweza kuwa ya haki zaidi, na lijadilini hilo mchana, siyo usiku mmechoka. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inachukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa matumizi ya wanandoa wote wawili ni yao wote, isipokuwa hati ikisema wazi kuwa ni ya mmoja. Pia mwenzi hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hizo ni ngao nzuri ukifika mahakamani. Jina kwenye hati linakuepusha na safari ya mahakamani.

Wasomaji wanawake hapa mtaniuliza: namwambiaje bila kuonekana nimekuja kwa ajili ya mali? Usimwambie "siwaamini ndugu zako". Ukisema hivyo umemlazimisha achague upande, na atachagua wa mama yake. Mwambie: "Mume wangu, nataka siku nikiwa mzee niseme hapa ni kwangu, na wifi zangu wakija niwakaribishe, nisiwe mgeni wao." Hiyo ni kweli na haimtukani mtu. Halafu nyamaza. Mwache alale nalo.

Na wanaume, tuzungumze kidogo. Najua maneno yanayosemwa kwenye mbege: jamaa kakaliwa, kamwandikisha mke kihamba. Yatasemwa wiki mbili. Na kama wewe ndiye mtu wa kutoka nje, umeoa binti wa Rombo, naye anataka kununua kwao kwa pesa yake, usijisikie umefunikwa. Sheria ya vijiji inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi haina nguvu. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alishaamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, sawasawa na mwanamume. Mke wako akinunua Mkuu, mchangie mabati uandikwe naye, au mwache anunue peke yake na umshangilie. Ila usichangie kimyakimya halafu ukaja kudai kwa kelele.

Swali jingine ambalo picha ya Januari haiulizi ni nani atalala kwenye nyumba hiyo mwezi Mei. Nyumba iliyofungwa wiki hamsini inaota ukungu, panya wanahamia, na shuka mlizoziacha kabatini mnazikuta zinanuka udongo. Lazima awepo mtu. Mkimweka ndugu, yeye ndiye mwenye nyumba, na nyinyi ni wageni wa Desemba; usishangae kukuta chumba chenu kina mahindi. Mkimweka kijana wa kulipwa, mlipeni kwa wakati, kila mwezi, hata ule mwezi wa ada. Mkipangisha kwa mwalimu au muuguzi wa pale Mkuu, nyumba itakuwa na moshi jikoni na maua nje, lakini Krismasi mtalala chumba kimoja na watoto. Mimi naona njia hiyo ya tatu ndiyo bora, na najua wengi hamtaipenda.

Wengine, tukiwa wakweli, hamhitaji nyumba kabisa. Mnahitaji siku kumi za baridi na ukimya kila mwaka. Tangu Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar hadi Moshi imerudi, nyumba za wageni zipo Marangu na Moshi, na pesa ya kulala siku kumi kwa miaka mingi haifikii gharama ya msingi kwenye mteremko. Hakuna aibu hapo. Mkirudi mtakuwa na picha zilezile.

Ila wale mnaotaka kweli, kuna jambo moja ambalo wenzi wengi hulikwepa mpaka siku ya msiba. Mchagga hata afie Mwanza au London, hurudishwa kuzikwa kihambani. Ukinunua na kujenga Mkuu, umechagua pia hapo. Mke wa Singida atazikwa wapi? Anataka kulala mlimani na mume na watoto wake, au kwao, kwenye mchanga mwekundu alikozaliwa? Ndugu zake wa Singida watakubali? Na kama ardhi ni ya baba mkwe, ruhusa hiyo ni ya nani kuitoa? Nimeshuhudia msiba mmoja ambapo pande mbili zilikaa siku tatu zikibishana juu ya jeneza, kwa sababu wenye jeneza walikuwa wamezungumzia vigae, mapazia na rangi ya geti, lakini hili hawakuligusa. Ulizaneni wakati mna afya na mnacheka. Jibu lolote ni sawa, mradi wote wawili mmelisikia.

Halafu nendeni mkaangalie kiwanja. Msiende Desemba, wakati mji mzima umevaa nguo mpya na kila mtu ni rafiki. Nendeni Aprili. Laleni siku mbili kwa mtu mnayemfahamu, muone barabara ya ndani inavyokuwa tope likiwa limefika kwenye ekseli, muone maji yanapita wapi kwenye kile kiwanja usiku wa mvua, na mumsikilize jirani mtakayeshare naye mpaka wa masale kwa miaka arobaini ijayo. Mlima huenda msiuone kabisa siku zote mbili. Bebeni mabuti.